Jembe lake, palizi ya mwingine

Januari moja, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Thyolo, kusini mwa Malawi, niliongozana alfajiri na mama mmoja aliyebeba jembe begani. Nilidhani anakwenda kupalilia shamba lake. Tukalipita: mahindi yamefika magotini, majani yanakaribia kuyameza. Alikuwa akiwahi ganyu ng'ambo ya mto, ujira wake beseni la mahindi. Watoto wake walikuwa wameamkia maembe.

Ganyu, kwa Kichewa, ni kibarua cha siku chache, na malipo yake ni pesa au chakula. Nimefanya kazi ya uchumi wa kilimo miaka mingi, na nikiulizwa kwa nini mkulima mdogo wa Malawi hatoki kwenye njaa, huanzia hapo.

Mvua ya Malawi ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba, mavuno ni Aprili na Mei. Kusini ardhi ni finyu mno, kaya nyingi zina chini ya hekta moja, hivyo ikifika Desemba ghala limekwisha. Na Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya palizi. Mahindi hayavumilii majani katika wiki zake za mwanzo. Ukichelewa, hata unyunyize mbolea gani, unalisha magugu. Kwa hiyo asiye na chakula huuza nguvu zake wiki zilezile ambazo shamba lake linazililia. Mavuno yake hupungua, na mwaka unaofuata ghala huisha mapema zaidi. Inaniuma sana nikisikia maofisa wakimwita mvivu.

Tangu msimu wa 2005/06 serikali ilitoa kuponi za ruzuku: mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia. Mavuno ya taifa yalipanda, na hilo silibezi. Lakini kuponi haipikwi. Wapo waliouza zao ili wanunue unga.

Mbaazi, ambazo Wamalawi huziita nandolo, zinasaidia kwa namna nyingine. Hupandwa tuta moja na mahindi na hukua polepole, hivyo hazigombani nayo. Mahindi yakivunwa, zenyewe hubaki zikinywa unyevu wa chini kwa mizizi mirefu, na majani yake yakidondoka hurutubisha udongo. Palizi ni ileile moja. Tatizo ni mbuzi, wanaoachiwa huru baada ya mavuno ya mahindi, na soko. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka vibaya; wasomaji wa Lindi, Mtwara na Babati mnaukumbuka mwaka huo.

Kilichonishawishi zaidi ni pesa taslimu. Mpango wa Mtukula Pakhomo ulianza kwa majaribio wilayani Mchinji mwaka 2006, ukizipa kaya maskini kabisa fedha kidogo kila mara. Watafiti walipofuatilia, waliona watu wazima wakipunguza ganyu na kuongeza siku katika mashamba yao wenyewe. Hawakuongezewa ardhi wala mbegu mpya. Walipata chakula cha kula wakati wa kupalilia. Ningependa fedha hizo ziwe nene zaidi Desemba kuliko Juni.

Yule mama nilimkuta tena jioni, safari hii shambani kwake. Beseni la mahindi lilikuwa pembeni, amelifunika kwa kitenge. Alikuwa amemaliza matuta mawili na giza lilikuwa linaingia.