__udivdi3 haipo kwenye heda yoyote

Jamani hii era ya "undefined reference to `__udivdi3'" (yaani linka, programu inayounganisha faili zilizokompailiwa, haioni fankshoni hiyo) nimeletewa tena juzi, kijana wa Kisauni anaandika kerneli yake, kiini cha mfumo endeshi, ya i386 (x86 ya biti 32), na wenzake washamjaza kwamba ukishaweka -ffreestanding kompaila haiombi kitu cha nje, kwa hivyo lazima kuna heda (faili la .h) kasahau. Hakuna heda kaka. Ongeza heda hadi asubuhi, linka itakulilia vile vile.

-ffreestanding inaiambia GCC isitegemee laibrari kamili ya C, basi. Haiipi prosesa ya biti 32 uwezo wa kugawanya uint64_t kwa uint64_t. Ukiandika ticks / hz na zote ni biti 64, GCC inaweka call kwenda __udivdi3, ukitaka baki ni __umoddi3, zenye alama (signed) ni __divdi3 na __moddi3, na zote zinakaa libgcc, laibrari ya GCC yenyewe ya fankshoni saidizi. Wewe umelinki na -nostdlib, hiyo ndiyo imeitoa libgcc. Irudishe kwa -lgcc, na iwe mwisho baada ya faili zako za .o, maana linka inasoma kushoto kwenda kulia, ukiitanguliza inakuta hakuna anayeihitaji inaipita.

Sasa linalonikera zaidi. Mtu anaambiwa "iandike mwenyewe", anafungua faili anaandika __udivdi3(a, b) na ndani yake return a / b. Kisha anafurahi imelinki. Hiyo a / b si ndiyo hiyo hiyo __udivdi3! Inajiita yenyewe mpaka staki iishe.

Mwingine anakimbilia asembli, eti div, amri ya kugawanya ya x86, inapokea biti 64 kwenye edx:eax (rejista mbili za biti 32, edx ikiwa nusu ya juu). Ni kweli inapokea, lakini jibu lazima litoshe biti 32, likizidi unapata eksepsheni namba 0, ile ile ya kugawanya kwa sifuri, na utaitafuta hiyo sifuri usiione. Kama kigawanyo ni cha biti 32 fanya kama hesabu ya darasa la nne: gawanya nusu ya juu kwanza na edx ikiwa sifuri, baki iache kwenye edx, ndiyo ugawanye nusu ya chini. Div mbili tu.

Kwenye x86-64 hii huioni mpaka uguse __int128 (namba za biti 128), hapo ni __udivti3, na libgcc yako iwe imejengwa na -mno-red-zone (isitumie nafasi ya chini ya kilele cha staki bila kuitenga) la sivyo intarapti itakuharibia staki.

Mimi mwenyewe sijaamua kama -lgcc ndiyo dawa kila mara. Linux kwenye x86 hawailinki, na nawaelewa, era inakuonyesha mahali umeweka mgawanyo wa gharama bila kujua. Wao wanatumia div_u64 au do_div, za kugawanya za kerneli yao, na do_div iangalie vizuri: jibu inaliacha ndani ya n yenyewe, ile namba unayoigawanya, inachokurudishia ni baki, kwa hivyo usiandike n = do_div(n, 1000).