Je, mtindi unaua minyoo?

Hapa Mombasa, mtoto akilalamika tumbo, hakosi jirani wa kusema apewe mtindi kwa kuwa bakteria wake wazuri wataua minyoo. Dai hilo linaruka hatua. Kujua kama bakteria hao wanawadhuru mabuu wa minyoo moja kwa moja, mtafiti huwaweka pamoja katika kisahani cha maabara na kuwatazama kwa hadubini kama bado wanajipinda. Kando huwekwa kisahani chenye mabuu na asidi ya laktiki pekee, kwani bakteria wa mtindi huitoa asidi hiyo, na bila ulinganisho huo muuaji hajulikani. Wala buu aliyetulia si lazima awe amekufa. Yafaa aoshwe, atiwe katika maji vuguvugu, aangaliwe tena.

Hata matokeo yakiwa mazuri, kisahani si tumbo: mabuu wa Ascaris lumbricoides, aina ya minyoo wa tumboni, hutoboa utumbo na kupitia ini hadi mapafuni, ambako mtindi haufiki. Mtindi ni chakula chema, nami naupenda, ila mtoto mwenye minyoo apelekwe zahanati, apewe dawa kama albendazoli.