Acheni kumtupia dalali kila hasara ya viazi vya Dieng

Wiki hii nimeletewa andiko lingine la mradi nilipitie. Linahusu wakulima wadogo wa nyanda za juu za Java, Indonesia, na ukurasa wa kwanza tu hukumu imeshatoka: mkulima ni maskini kwa sababu dalali anamnyonya, basi dalali aondolewe, mkulima apewe programu ya simu ya kuuzia mazao, na kipato kitapanda. Nimesoma andiko la namna hii mara nyingi mno. Linaniudhi kwa sababu fedha zinazotengwa humo ni fedha za kweli, na wakulima wanaotajwa humo wana madeni ya kweli.

Nitazungumzia viazi mviringo. Uwanda wa Dieng uko Java ya Kati, kwenye mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, nusu upande wa Wonosobo na nusu upande wa Banjarnegara. Mvua ni nyingi, na kiangazi, hasa Julai na Agosti, kuna usiku ambao umande huganda kuwa barafu na kuunguza majani shamba zima. Aina inayotawala ni Granola, yenye asili ya Ujerumani. Wakulima wengi wana chini ya hekta moja, na si ajabu sehemu ya hiyo ikawa ya kukodi.

Sasa huyo dalali, ambaye huko wanamwita tengkulak, anafanya nini? Anakopesha mbolea na dawa mwanzo wa msimu. Wakati wa kuvuna analeta vibarua, anachambua madaraja, anapakia lori, na mzigo unasafiri usiku kwenda masoko makubwa kama Kramat Jati, Jakarta. Kiazi kikubwa anachukua, kidogo anachukua. Bei ikianguka lori likiwa njiani, hasara ni yake. Ukimwondoa, kazi hizo zote zinabaki pale pale zikimsubiri mtu. Programu ya simu haina lori wala mtaji. Indonesia ilishawahi kujaza vijiji vyake vyama vya ushirika vya KUD enzi za Suharto, vikipewa pembejeo na mikopo kutoka juu, na vingi vilidhoofika au kufa msaada ulipokatika baada ya 1998. Anayetaka kuanzisha ushirika leo aanze kwa kueleza nani atalipa lori siku bei ya soko imekuwa chini ya bei ya shambani.

Simtetei dalali. Ninachotaka ni tutenganishe kazi zake, kisha tuulize kila moja inamgharimu mkulima kiasi gani. Hapo ndipo pesa inapoonekana inavyopotea.

Tuanze na mkopo. Dalali hataji riba. Anakopesha pembejeo, na mkulima analazimika kumuuzia yeye, kwa bei iliyo chini kidogo. Tuchukue mfano: mkulima kakopa pembejeo za rupia milioni 10, na baada ya miezi minne anauza tani 10 kwa rupia 400 pungufu kwa kilo kuliko jirani yake asiye na deni, aliyeuza wiki hiyo hiyo, daraja lile lile, pale pale shambani. Hizo ni rupia milioni 4, yaani riba ya asilimia 40 kwa miezi minne. Mkopo wa KUR, unaotolewa na benki kwa ruzuku ya serikali, wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ungemgharimu kama rupia laki 2 kwa muda huo. Hesabu hii inafanyika kwenye karatasi moja, lakini ni nadra kumkuta mtu ameifanya pamoja na mkulima. Watu wanalinganisha bei ya shambani na bei ya Jakarta, wanaona pengo kubwa, wanapiga kelele. Pengo hilo lina usafiri, vibarua, uozo na ushuru wa soko. Linganisha bei ya mwenye deni na ya asiye na deni kijiji kimoja, hapo utaona mkopo wenyewe unakula kiasi gani.

Hata hivyo sithubutu kumwambia kila mkulima akimbilie benki. Ugonjwa wa ukungu ukiteketeza shamba, dalali husogeza deni hadi msimu ujao, kwa sababu anamhitaji mkulima huyo mwakani. Benki ina tarehe yake. Kwa familia isiyo na akiba, uvumilivu huo una thamani, na sijaona jedwali la mradi linaloupa namba.

Kuna pia mauzo ya tebasan, ambapo dalali ananunua shamba zima viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei moja ya jumla. Maandiko mengi huyachanganya na ijon, ambapo zao linauzwa likiwa bichi kabisa kwa sababu mwenyewe kabanwa na shida. Ni mambo mawili tofauti. Kwenye tebasan mkulima anaweza kupatana vizuri kabisa, mradi ajue ana kilo ngapi chini ya udongo. Dalali amekwisha kadiria. Mkulima naye akadirie. Achimbe mita tano za tuta katika kila moja ya sehemu tano: juu ya mteremko, katikati, chini, na pembe mbili. Matuta yakiwa yameachana sentimita 80, hiyo ni mita za mraba 20. Mzani ukisoma kilo 36, ni kilo 1.8 kwa kila mita ya mraba. Shamba la mita za mraba 3,000 lina kama tani 5.4; atoe sehemu ya kumi kwa vilivyooza na vitakavyokatwa na jembe, abaki na kama tani 4.9. Hapo tu ndipo bei ianze kutajwa. Kazi yote ni ya asubuhi moja na mzani wa kuazima, na inamsaidia kuliko mafunzo ya siku tatu hotelini.

Mbegu. Hekta moja inameza tani moja na nusu hivi, kwa hiyo mbegu ni gharama kubwa tangu siku ya kwanza. Mbegu iliyothibitishwa ni ghali na haitoshi, basi mkulima anauza viazi vikubwa na kupanda vile vidogo. Mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo, hivyo kila msimu anachagua ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Dawa ya bei nafuu ipo: kabla mimea haijaanza kuzeeka, weka vijiti kwenye mashina yenye afya, uyavune peke yake, hiyo ndiyo mbegu. Njia hii imejaribiwa sana Kenya na mavuno yakapanda. Haitibu mnyauko bakteria, wala nematodi ya viazi, kinyoo kidogo cha udongoni kinachoshambulia mizizi, iliyogunduliwa Batu, Java Mashariki, mwaka 2003.

Dawa za ukungu nitazitaja kwa kifupi. Mvua ikishika, wakulima hupiga kila baada ya siku mbili tatu, wakichanganya hata dawa zenye kazi ile ile. Kuacha kurudia kiambato kimoja chini ya majina mawili ni akiba isiyo na hatari. Kupunguza idadi ya mara za kupiga ni jambo lingine. Granola inashambuliwa vibaya, na ukungu huo humaliza shamba ndani ya siku chache. Mimi siwezi kuweka saini kwenye ratiba iliyoandikwa ofisini.

Vivyo hivyo matuta. Dieng wanayaelekeza juu-chini, udongo unasombwa kuingia mto Serayu na kujaza tope bwawa la Mrica. Tunawahimiza wayapange yakinge mteremko, wanatujibu kwamba maji yakisimama viazi vinaoza. Wana hoja. Tena aliyekodi shamba kwa misimu miwili atajenga vipi ngazi zitakazomfaidisha mwenye ardhi? Kabla ya kumfundisha mpangaji huyo kukinga mteremko, andiko lingetenga fedha za kumlipia nusu ya kodi kwa miaka mitano, kwa mkataba ulioandikwa. Hilo ndilo pendekezo nililolirudisha, pamoja na kufuta sura nzima ya programu ya simu.