Tope la buluu: wahandisi wa madini wa Marekani walivyojifunza kupima kilichotupwa

Mwaka 1859, kwenye mteremko wa Mlima Davidson huko Nevada, waosha dhahabu walikuwa wanakerwa na tope zito la rangi ya buluu. Liliganda kwenye masanduku ya kuoshea na kuziba njia ya maji, nao wakalichota kwa koleo na kulimwaga kando. Katikati ya mwaka huo sampuli yake ilivushwa milima ya Sierra hadi California, ikapimwa. Majibu yalionyesha thamani ya zaidi ya dola 3,000 za madini ya fedha kwa tani moja, na dola 800 na ushei za dhahabu juu yake. Hazina kuu ya eneo lililokuja kuitwa Comstock ilikuwa ndani ya tope lililokuwa likimwagwa.

Wachimbaji wale hawakuwa wajinga. Walijifunza kazi California, ambako James Marshall aliona dhahabu tarehe 24 Januari 1848, pale Coloma. Dhahabu ya mtoni iko huru: haijashikamana na kitu, na ina uzito wa mara 19 wa maji, ilhali mchanga wa kwazi haufiki hata mara tatu. Karai, sanduku la kutikisa au mfereji wa mbao wenye vizuizi vinatosha kuitenganisha, na mshindi ni mwenye mkono mwepesi na jicho kali. Fedha ya Comstock ilikuwa imefungwa na salfa. Haing’ai, na jicho lililozoea dhahabu linaipita. Hapo ndipo uhandisi wa madini wa Marekani ulipoanzia hasa: pale jicho liliposhindwa na mizani ikachukua nafasi yake.

Kipimo chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa maabara nyingi za dhahabu bado zinakitumia. Kwanza ni sampuli. Mbale, yaani mawe yenye madini, zinasagwa, zinarundikwa kwa umbo la pia, rundo linagawanywa mafungu manne, mawili yanayotazamana yanatupwa na mawili yanachanganywa upya. Hatua hiyo inarudiwa mpaka kubaki kiasi kidogo kinachowakilisha rundo zima. Anayeokota mawe mazuri peke yake anajidanganya kabla hata moto haujawashwa. Unga wa mbale unachanganywa na oksaidi ya risasi, magadi, boraksi na chembe ya unga wa ngano, kisha unayeyushwa katika chungu cha udongo unaohimili moto mkali. Unga wa ngano una kazi yake: kaboni iliyomo inageuza sehemu ya oksaidi kuwa risasi halisi, na matone ya risasi yanashuka kama mvua yakizoa dhahabu na fedha njiani. Kikipoa, kitonge cha risasi kinagongwa hadi takataka ya juu ibanduke, kinawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa na kurudishwa tanuruni. Risasi inaungua na kunywewa na majivu. Kinachobaki ni punje ndogo inayong’aa ghafla inapomaliza kusafika. Punje hiyo inapimwa, kisha asidi ya naitriki inayeyusha fedha na kuacha dhahabu. Ikiwa fedha haifiki karibu mara tatu ya dhahabu, asidi haipenyi vizuri, hivyo mpimaji huongeza fedha makusudi. Mbale zenye salfa nyingi nazo zikiingia bila kuchomwa au kurekebishwa kwanza, sehemu ya dhahabu hupotelea kwenye mchanganyiko wa salfa na hesabu yote huharibika.

Baadaye Charles Chandler wa Shule ya Migodi ya Columbia, New York, alirahisisha hesabu kwa jiwe la mizani la gramu 29.166. Tani ya Kimarekani ina aunsi za kupimia dhahabu na fedha 29,166 na kidogo, kwa hiyo ukipima gramu 29.166 za mbale, kila miligramu ya punje inasimama badala ya aunsi moja kwa tani.

Kujua kilichomo ni jambo moja, kukitoa bila kufukiwa ni jingine. Mgodi wa Ophir, mmojawapo wa Comstock, ulipofika kina cha mita 55 hivi, mbale zilitanuka kupita mita 15 kwa upana, nazo zilikuwa laini na zenye kumomonyoka. Njia ya kawaida ilikuwa nguzo mbili na boriti juu yake. Boriti ya urefu huo haipatikani kirahisi, na hata ikipatikana hukatika katikati. Mwaka 1860 aliitwa Philipp Deidesheimer, Mjerumani aliyesomea madini Freiberg, kwao Ujerumani. Hakuhangaika na boriti ndefu. Alijenga vyumba vya mbao: nguzo za mita mbili hivi, boriti za mlalo za kama mita moja na nusu, magogo yaliyochongwa mraba wa sentimita 30 hivi kila upande. Ncha zilikatwa ulimi na tundu ili vipande vyote vinavyokutana kwenye kiungo kimoja vifungane. Mwamba ukisukuma, kiungo kinakaza zaidi. Wachimbaji walitoa mbale za kutosha chumba kimoja tu, wakakisimamisha, ndipo wakaenda kwenye kingine, kando au juu, kama masega ya nyuki. Hakuukatia uvumbuzi huo hataza, yaani hati ya kuumiliki, ukaenea migodi yote ya Magharibi.

Mfumo ule una masharti. Nafasi yoyote kati ya mbao na mwamba lazima ipigwe kabari, kwa sababu mwamba ukishaanza kushuka, hata sentimita chache, unakuja na nguvu ambayo hakuna mti unaoihimili. Anayepiga matimba (nguzo za mbao) kwenye duara (shimo la wachimbaji) la Geita au Chunya, Tanzania, analijua hilo vizuri. Vyumba vilivyomaliza kazi hujazwa vifusi, maana mnara wa mbao mtupu ukipinda kiungo kimoja unavuta vingine. Comstock ilikuwa pia na udongo wa mfinyanzi uliovimba ukipata unyevu na hewa, ukavunja magogo mazima. Katika joto lile mbao zilioza upesi, na zilikuwa kuni pia: moto wa mgodi wa Yellow Jacket, tarehe 7 Aprili 1869, uliua watu zaidi ya 30. Misitu ya miteremko ya Ziwa Tahoe iliishia chini ya ardhi.

Kwenye uchenjuaji, yaani kutoa madini ndani ya mbale, njia iliyojulikana kwa fedha ilikuwa ya Bartolomé de Medina, aliyoianzisha Pachuca, Mexico, mwaka 1554. Unga wa mbale ulitandazwa uwanjani na chumvi, chumvi ya shaba na zebaki, nyumbu wa mizigo wakaukanyaga kwa wiki kadhaa. Nevada ina baridi, na wenye migodi hawakuwa na subira. Almarin Paul, mwenye mtambo wa kuchenjulia huko, aliingiza mchanganyiko huo kwenye masufuria makubwa ya chuma yenye mashine ya kusagia ndani na mvuke wa kuyapasha. Kazi ya wiki ikawa ya saa. Chuma cha sufuria lenyewe kilisaidia kuivua fedha salfa yake. Sufuria la mbao tupu lisingefanya kazi hiyo sawasawa.

Baada ya hapo mchanganyiko wa zebaki na fedha ulikamuliwa kwenye mifuko ya turubai, ukaingizwa kwenye ritoti. Hiki ni chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji ili mvuke wa zebaki urudi kuwa kimiminika. Ndiyo, mwaka 1860 na kitu walikuwa wakitumia ritoti, ilhali leo kwenye machimbo yetu mengi zebaki bado inachomwa kwenye karai wazi, mbele ya watoto. Wao walifanya kwa ajili ya gharama. Kwetu sababu ni mapafu na ubongo. Kosa moja ni la kuepukwa kabisa: ncha ya bomba isizamishwe ndani ya ndoo ya maji. Moto ukipungua, chungu huvuta maji, maji yanagusa chuma chenye moto mwekundu, na ritoti inapasuka. Ncha ikae juu kidogo ya maji, au ifungwe kitambaa kilicholowa. Hata hivyo ritoti haikuokoa zebaki iliyotoka na maji machafu ya masufuria. Maelfu ya tani yaliingia Mto Carson, na tangu 1990 eneo hilo limo kwenye orodha ya serikali kuu ya Marekani ya maeneo yenye sumu yanayohitaji kusafishwa.

Colorado walikwama kwa namna nyingine. Juu ya miamba dhahabu ilikuwa imeachiliwa na kutu ya karne nyingi. Wakishuka kidogo, inafunikwa na salfaidi (salfa iliyoungana na metali) za chuma na shaba, zebaki haiigusi. Mitambo ya kutwanga iliendelea kupiga kelele huku dhahabu ikienda na maji. Nathaniel Hill, profesa wa kemia, alikwenda Swansea, Wales, kuona wayeyushaji wa shaba wanavyofanya, na mwaka 1868 tanuru lake la Black Hawk likaanza kazi. Mbale zilichomwa kwanza kwenye marundo kwa wiki kadhaa ili salfa ipungue, kisha zikayeyushwa. Shaba na salfa iliyobaki zikazama zikiwa zimebeba dhahabu na fedha. Juu kikaelea kile ambacho wahunzi wetu hukiita mavi ya chuma. Salfa ikiondolewa yote, hakuna cha kubeba dhahabu. Ikibaki nyingi mno, mzigo wa chini unakuwa mkubwa na maskini. Miaka ya mwanzo bidhaa hiyo ilisafirishwa hadi Swansea kutenganishwa.

Maarifa kama hayo hayarithishwi kwa kuangalia tu. Columbia ilifungua shule yake mwaka 1864, Missouri ikafuata pale Rolla mwaka 1870, Colorado mwaka 1874, Michigan mwaka 1885. Mwaka 1871 wahandisi 22 walikutana Wilkes-Barre, Pennsylvania, wakaunda taasisi yao ya kitaifa. Nafuu kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kuchapisha: tanuru likishindwa Montana, mtu wa Arizona aliweza kusoma sababu yake.

Sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, iliwafikia mwaka 1891 huko Mercur, Utah, ambako dhahabu ilikuwa ya chembe ndogo mno kwa zebaki. Mbale zililowekwa kwenye matangi, maji yenye sianidi kidogo yakapenya kwa siku kadhaa, kisha dhahabu ikanaswa na vipande vya zinki. Chokaa ni lazima itangulie. Mbale zenye uchachu hugeuza sianidi kuwa gesi, hasara kwa mwenye mgodi na mauti kwa mfanyakazi.

Mhandisi Daniel Jackling naye alitazama mlima wa Bingham Canyon, Utah, wenye shaba ya asilimia 2 tu, yaani kilo 20 kwa tani ya mawe. Wengi walisema haulipi. Kampuni yake iliundwa mwaka 1903, na mwaka 1906 mashine za mvuke zikaanza kuukata mlima kutoka juu kama ngazi. Kilichoulipa ni wingi: reli, mitambo mikubwa ya kurutubisha mbale (kutenga mawe matupu ili madini yabaki mengi), na mwendo usiosimama.

Mitambo hiyo bado ilipoteza shaba ya chembe ndogo. Carrie Everson alikuwa amepata hataza mwaka 1886 ya kutumia mafuta na asidi kushika chembe za madini. Mwaka 1911 James Hyde akayaelesha madini kwa povu huko Basin, Montana. Chembe zilizopakwa mafuta kidogo hung’ang’ania viputo vya hewa na kupanda, mawe yakabaki chini. Mafuta yakizidi, hata mawe yanapanda.

Huko Michigan, kampuni ya Calumet and Hecla ilikuwa imemwaga mchanga wa mitambo yake ndani ya Ziwa Torch kwa miongo kadhaa. Katikati ya miaka ya 1910 ilipeleka jahazi la kufyonza mchanga uleule kutoka chini ya maji. Ulisagwa upya, ukalowekwa kwenye amonia iliyoyeyusha shaba. Mvuke ukafukuza amonia ili itumike tena, na oksaidi ya shaba ikapelekwa tanuruni.