Artie Shaw hakuchuja, sikilizeni tepu za 1954

Jamani, tena? Kila nikiweka kipande cha 1954 cha Artie Shaw, yule mpuliza klarineti wa jazi wa Marekani, lazima atokee mtu aseme "hapa alishachuja, ndo maana akaacha kupiga". Safari hii kasema mtu anayepuliza klarineti mwenyewe, na ndo kilichonikera, maana msikilizaji wa kawaida namwelewa, yeye anaijua Begin the Beguine ya 1938 na ile bendi kubwa, akikutana na watu sita wanapiga kwa utulivu anaona mzee kaishiwa pumzi. Mzee gani? Kazaliwa Mei 1910, piga hesabu.

Historia haraka haraka. Mwishoni mwa 1953 kaiunda upya Gramercy Five, bendi yake ndogo (jina linasema watano, walikuwa sita, bosi hajihesabu): Hank Jones piano, Joe Roland vibrafoni (marimba ya chuma), Tal Farlow gitaa na baadaye Joe Puma, Irv Kluger dramu, na besi Tommy Potter, yuleyule aliyekuwa na mpuliza saksafoni Charlie Parker. Wakawa wanapiga klabu ya Embers, New York, alafu Shaw akawaingiza studio kwa hela yake mwenyewe, hakuna lebo iliyomtuma. Baadhi zikatoka kwa prodyuza Norman Granz kwenye lebo yake ya Clef, nyingine zikakaa kabatini mpaka miaka ya 90 lebo ya MusicMasters walipozitoa. Kwa hiyo zimekuwa adimu kwa sababu zilikaa ndani, sio kwa sababu ni mbovu, haya mambo mawili watu wanayachanganya kila siku.

Sasa hiyo "pumzi". Ukisimama mbele ya bendi kubwa, tarumbeta na tromboni ziko mgongoni, usipopuliza kwa kupenya na vibrato (mtikisiko wa noti) pana hakuna atakayekusikia. Studio ya 1954 maiki iko karibu na nyuma yako kuna vibrafoni na gitaa, ukipuliza kama 1938 unawazika wenzako wote. Shaw kapunguza sauti, kaibana vibrato mpaka sehemu nyingine haipo kabisa, na hiyo ndo kazi ngumu! Klarineti ukipunguza sauti tuni inataka kupanda, kinyume na filimbi inayoshuka, kwa hiyo unasukuma pumzi ileile, koo limefunguka, midomo inashika ridi (kile kijiti chembamba cha mdomoni) bila kuiminya. Mwambie mwanafunzi wako ashike noti ya juu kwa sauti ndogo kwa sekunde kumi uone atakavyohangaika. Sikiliza Imagination, noti zinaisha taratibu na tuni haijasogea. Aliyechuja hawezi hiyo, wengi wetu tusiochuja hatuwezi.

Alafu kuna kile kivuko, pale klarineti inapotoka noti za chini kwenda za juu. Saksafoni ukibonyeza kitufe cha oktavu unapata noti ileile juu, vidole havibadiliki. Klarineti inaruka mpaka noti ya kumi na mbili, vidole vya chini na vya juu haviendani, na kutoka Si bemoli kwenda Si pale katikati unatoka karibu wazi kabisa kwenda matundu yote yamefungwa. Ndo maana bibopu, ile jazi ya kasi ya miaka ya 40, iliwatoa jasho wapuliza klarineti, na Buddy DeFranco, mwenzao aliyeimudu, akaonekana maajabu. Shaw kwenye tepu hizi anakivuka akikimbia na husikii mshono.

Ila je, ni bibopu? Hapo ndo sijitambi. Harmonia anazisikia zote, lakini namna anavyoziweka noti kwenye pigo bado ni ya swing, jazi ya dansi ya zile bendi kubwa, na kuna mahali Farlow anaonekana kuishi muongo mwingine kabisa. Siku nyingine nasikia mtu anayejifunza kwa vijana wake, siku nyingine nasikia wageni wawili wenye adabu tu. Na Beguine ya 1954 sijaipenda, naona kama anawalipa watu deni.

Kuhusu kuacha: mwaka huohuo akaweka klarineti chini, 1955 akahamia Hispania, akafa Desemba 2004 bila kuirudia. Bendi yake iliporudi 1983 klarineti alikuwa nayo Dick Johnson, Shaw kasimama mbele tu. Lakini mtu huyuhuyu 1939, Beguine ikiwa inauzwa kila kona, aliitelekeza bendi akaenda Mexico. Na hapo alikuwa amechuja? Alikuwa anachukia kuombwa nyimbo zilezile na alitaka ukamilifu unaokula siku nzima, sasa mtu wa hivyo anaondoka akiwa juu, huo ndo ugonjwa wake.

Chukua Summit Ridge Drive ya 1940, ile yenye hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi) ya Johnny Guarnieri iliyobanwa kwenye dakika tatu za santuri, kisha hii ya 1954 ambayo tepu inamruhusu kujinyoosha. Vaa hedifoni. Ukisikia sehemu pumzi imemkatikia niandikie dakika na sekunde, tubishane hapohapo.