Jamani, dodoso la makosa si mtihani

Juzi bosi mmoja wa hoteli huko Nungwi kanipigia simu, "Mwalimu, we nambie tu nani kapata maksi nyingi nimpandishe." Hata sikumjibu upesi maana hii ni mara ya ngapi sijui, kila nikipeleka fomu za kupima watu wanavoyachukulia makosa lazima mtu ataka jumla.

Hakuna jumla. Dodoso la Rybowiak na wenzake la 1999, ambalo ndo naliegemea, lina maswali 37 na vipimo 8, kila kimoja kinasimama peke yake: kujifunza kutokana na kosa, kulisema, kulificha, kuthubutu ukijua utakosea, kosa linavomkosesha mtu raha na mengine. Sasa ukajumlisha kuficha na kujifunza umepata nini? Ndo yale ya kujumlisha homa ya mgonjwa na kilo zake. Chukua vijana wawili wa mapokezi, mmoja kamwandikia mgeni boti ya mchana badala ya ya asubuhi, mikono yamtetemeka, usiku halali, lakini papo hapo keshamwambia supavaiza. Mwenzake kakosea vilevile, presha hana hata chembe, kakaa kimya na nyie mnajua mgeni keshaachwa bandarini. Ukijumlisha wanaweza kutoka sawasawa kabisa! Mie siku zote nasema anza na kuficha na kusema, hayo mengine tutayatazama baadae na chai.

Na hili la mabosi, "niliwauliza mkutanoni wote wakasema hawaogopi kukosea". Mbele yako wewe ulitaka waseme nini? Fomu isiwe na jina, na asikusanye bosi.

Wengine huniambia, "Makosa mengi yakiripotiwa ina maana timu mbovu." Si lazima. Mtafiti Amy Edmondson alichapisha 1996 utafiti wa hospitali za Marekani, wodi zenye uongozi mzuri ndo zilokuwa na makosa mengi ya dawa yanojulikana, kwa sababu wauguzi hawakuogopa kuyasema.

Wengine wanatunga maswali wenyewe halafu wanashangaa majibu. Skuli moja huku waliandika "Huwa sifichi makosa yangu", jibu mojawapo "sikubali kabisa". Mzee mmoja kaishika fomu weee, kaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu nikikataa ndo naficha au ndo sifichi?" Tukaandika "Huwa naficha makosa yangu" na fomu zote tukajaza upya.