Je, wajua kwa nini hata katoto ka miezi miwili kanatakiwa kawe na paspoti yake?

Hili swali huku Mwanza linaulizwa sana, maana watu wana ndugu Kisumu na Kampala, mwingine mtoto wake kapewa rufaa ya kwenda kutibiwa India, mwingine mume yuko kazini Muscat anataka familia imfuate. Mama paspoti anayo tayari, mtoto hata kukaa hajaanza, alafu wanaambiwa naye akatiwe ya kwake. Mzazi anaona anakamuliwa hela tu, sura yenyewe ya miezi miwili ukija kuiangalia baada ya mwaka nani ataitambua?

Sababu ipo, na ni ya maana.

Zamani mtoto alikuwa anaandikwa ndani ya paspoti ya mama au baba, jina na tarehe ya kuzaliwa basi, mara nyingi hata picha hamna. Sasa fikiria afisa pale mpakani Sirari au Mutukula kaletewa kitabu cha mama kimeandikwa ana mtoto wa kike wa miezi minane, na kweli mama kabeba mtoto wa kike wa miezi minane, atajuaje kama ndo huyo? Wezi wa watoto hiyo nafasi waliihitaji sana. Na hata bila wizi, mama akilazwa huko ugenini mtoto akatakiwa arudi na bibi yake, anarudi na nini wakati jina lake limo kwenye kitabu cha mtu mwingine? Ndo maana ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga ambalo ndo linapanga viwango vya paspoti dunia nzima, likaweka sharti kila mtu awe na kitabu chake, umri wowote. Kule Umoja wa Ulaya tangu tarehe 26 Juni 2012 kuandikwa kwenye paspoti ya mzazi hakumsaidii mtoto kitu.

Alafu teknolojia nayo ikamaliza mjadala. Hii paspoti yetu ya kielektroniki iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018 ina chipu, na chipu inabeba taarifa na picha ya mtu mmoja. Ukifungua ukurasa wa picha, kule chini utaona mistari miwili ya herufi, namba na vile vialama vya <<<, kila mstari una nafasi 44, ile ndo mashine inasoma. Mtoto utamchomeka wapi hapo? Hata Kulwa na Doto waliotoka tumbo moja siku moja, kila mmoja na kitabu chake.

Sasa tuje kwenye sura. Kwa mtoto mchanga sura sio kitu kikubwa hivo, kikubwa ni huyu mtoto ni wa nani, mzazi wake ni raia, na wazazi wamekubali asafiri. Ndo maana Uhamiaji hawakuombi picha peke yake, wanataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wanataka na kitambulisho cha taifa (NIDA) au cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na ridhaa ya mzazi kwa maandishi kwa sababu mwombaji hajafika miaka 18. Cheti cha mtoto kinasema kazaliwa wapi na wazazi ni kina nani, ila uraia wanauangalia kwa mzazi.

Na hapo kwenye majina ndo wazazi wengi wa kanda yetu wanapokwama, na mimi naumia nikiona mtu katoka Ukerewe na kivuko akarudishwa kwa sababu ya herufi moja. Majina yetu ya Kisukuma kila karani anaandika anavyosikia: Kulwa na Kurwa, Doto na Dotto, Ng'wandu na Mwandu. Mama NIDA yake inasema Kurwa, kwenye cheti cha mtoto kaandikwa Kulwa, kwako ni mtu yule yule lakini kwenye mfumo ni wawili. Kwa hiyo siku unamwandikisha mtoto nenda na NIDA mkononi, soma herufi kwa herufi kabla karani hajagonga muhuri. Ile alama ya juu kwenye Ng'wandu isikutishe, kwenye mistari ya mashine huwa inaondolewa inabaki NGWANDU, ni utaratibu wa kawaida.

Picha nayo ina vituko vyake. Inatakiwa sura ionekane yote, nyuma pawe rangi moja, asionekane mtu mwingine wala mkono uliomshika. Mpiga picha mzuri wa pale Makoroboi hamwambii mama ambebe, anatandika kitambaa kisafi kisicho na maua, mtoto analazwa chali, yeye anapanda kwenye stuli anapiga kutokea juu huku mama anatingisha funguo pembeni ya kamera ili macho yaje mbele. Mnyonyeshe kwanza, mtoto mwenye njaa hapigiki.

Na alama za vidole? Mtoto anazaliwa nazo, zinajichora akiwa bado tumboni, ila vidole ni vidogo mno na ngozi laini, mashine za kawaida zinashindwa kusoma vizuri. Ulaya kwa mfano watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi kabisa alama za vidole za paspoti.

Ada ya paspoti ya kawaida ni shilingi 150,000, maombi yanaanzia mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, alafu unaenda ofisi ya Uhamiaji na makaratasi halisi. Kama safari ni ya ghafla na ni hapa hapa Afrika Mashariki, msiba Kampala labda, uliza hati ya dharura ya safari, nayo mtoto anapata ya kwake.

Kingine ambacho wengi hawajui, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto chini ya miaka mitano ni bure, Mwanza ni kati ya mikoa ambayo RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi, wanakitoa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Unaweza kukifuatilia siku hizo hizo za kliniki, hata kama safari yenyewe bado haipo.